Mgongo Umeongezeka, Kifua Kimepungua

Wateja walimwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Aliivaa asubuhi kabla ya hereni. Siku moja alikwenda nayo msibani bila kujua, na shoga yake akamvuta pembeni akamwambia aivue haraka, watu wasije wakadhani amekuja kumpima maiti.

Alikuwa fundi wa nguo za kike. Miaka ishirini na mitatu alikuwa kwenye chumba kile kile chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi nzito na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Cherehani ya pili ilikuwa ya Fundi Suruali, mwanamume mwembamba aliyeshona suruali peke yake na aliyesema kwamba sketi ni suruali iliyokata tamaa.

Kazi yenyewe Mama Futi aliijua, lakini sifa yake ilikuwa nyingine. Akikuzungushia futi alikuwa anakusoma. Mwalimu mmoja alikuja kupimwa gauni akajisifu kwamba likizo imempumzisha kweli kweli. Mama Futi akatazama mabega yake yalivyopanda, akamwuliza, "Umepumzikia wapi mwalimu, juu ya mti?" Mwalimu akacheka. Kisha akavuta kiti akaeleza mambo ya nyumbani kwake mpaka pasi ikapoa. Muuza duka la dawa naye alikuwa anapumulia juu juu, futi ya kifuani haisogei hata kidogo. Mama Futi akamwambia avute pumzi mpaka chini, na pumzi ilipofika chini yakaja machozi.

"Hapa ni kwa fundi au kwa mganga?" Fundi Suruali aliuliza.

"Wewe shona mifuko."

Basi alijua ya watu wote. Aliyemshinda alikuwa mmoja, na alikuwa anakula naye meza moja.

Huyo alikuwa bintiye, kitinda mimba wake, mwenye miaka ishirini na minne. Tangu anajifunza kusema walimwita Chiriku, maana hakunyamaza. Alisimulia ndoto zake, akasimulia ndoto za wenzake, na zilipokwisha akatunga nyingine. Alipomaliza masomo akapata kazi kwenye chumba cha kupokea simu za wateja wa kampuni moja, na watu wa nyumbani wakacheka wakasema hatimaye kinywa kimepata mshahara. Kaka zake wawili walikuwa wameshaoa na kuhamia mbali, na baba yao alifariki zamani. Nyumbani wakabaki wawili, mama na mwana.

Jioni moja wakiwa mezani, Chiriku alisukuma sahani akasema, "Mama, nina presha."

Mama Futi aliweka kijiko chini. Dada yake mkubwa alianguka na presha akiwa anaanika nguo, na hakuamka. Neno lile kwake halikuwa neno, lilikuwa kamba ya nguo na beseni lililopinduka.

"Tangu lini?"

"Sijui. Kama miezi miwili."

"Miezi miwili na hukusema?"

"Si ndiyo nasema sasa."

"Kichwa kinauma? Hapa kisogoni?"

"Kidogo. Moyo ndio unakwenda mbio. Hasa asubuhi, nikianza kukaribia…"

"Moyo kwenda mbio ndiyo yenyewe hiyo." Mama Futi alikuwa ameshasimama. Aliondoa chumvi mezani akaifungia kabatini, na kesho yake kabla ya kwenda kazini akamkokota mtoto hadi nyumba ya pili, kwa muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Sista na ambaye alikuwa na mashine yake ya kupimia.

Sista alimfunga Chiriku kitambaa cha mashine mkononi, akasubiri, akavaa miwani.

"Mia na kumi na mbili kwa sabini na nne," alisema. "Ningekuwa na presha kama hii ningeitia kwenye fremu. Mapigo ndiyo yako juu kidogo, tisini na nane, na amekaa. Mmekimbia kuja hapa?"

"Tumetembea," Chiriku alisema.

"Basi kuna kitu kinamkimbiza. Mpumzishe."

Lakini Mama Futi alikuwa amesikia ya mwanzo tu. Alimshika bintiye mashavu kwa mikono miwili. "Umesikia? Huna presha."

"Haya," Chiriku alisema.

Mama Futi aliichukua ile "haya" kama shukrani. Alirudi kazini anaimba. Alimwambia Fundi Suruali, akamwambia muuza dawa, akawapigia simu wale kaka. Chumvi ilirudi mezani. Na kila bintiye alipoguna au kushika kifua, mama alimtuliza kwa maneno yale yale: huna presha mwanangu, mashine imesema. Aliyasema kwa mapenzi, kama unavyomfunika mtoto shuka. Hakuona kwamba shuka lilikuwa linamfunika mpaka mdomoni.

Chiriku hakulalamika tena. Mama akashukuru.

Ila macho ya fundi hayalali. Aliona chakula kinarudi nusu. Aliona kucha zimekwisha, na kidole gumba cha kulia kina kidonda pembeni. Asubuhi mtoto aliamka ameshika taya, na alipoulizwa alisema labda jino. Mikono yake ilikuwa baridi hata mchana wa jua kali. Halafu yalikuwa mambo ya simu. Mama Futi akimpigia mchana, Chiriku hapokei, au anajibu maneno mawili tu. Simu ya yeyote ikilia karibu, hata ya jirani dirishani, mtoto anashtuka kama amechomwa sindano.

"Siku hizi hata simu yangu inamchosha," alimwambia Fundi Suruali. "Amekuwa mtu wa ofisini."

"Mtu anayekaanga samaki siku nzima hatamani harufu ya samaki jioni."

"Mimi samaki?"

"Mimi nasema tu. Suruali zangu hazina haya matatizo."

Mwezi uliofuata kampuni ilibadilisha sare, na Chiriku akaleta kitambaa cha blauzi, cha kijivu, kizito kidogo. Mama Futi alifurahi kupita kiasi. Alikuwa na daftari la vipimo vya watoto wake tangu wanavaa nguo za kutambalia, na ukurasa wa Chiriku ulikuwa umeandikwa mpaka pambizoni. Alimsimamisha mbele ya kioo, akaanza.

Kiuno kilikuwa kimepungua inchi mbili, na hilo alilitarajia. Akapima mgongo, kutoka bega hadi bega. Ukawa umeongezeka inchi moja. Akapima mbele, juu ya kifua. Kimepungua inchi moja na robo.

Aliitazama futi. Futi ya kitambaa hulegea ikizeeka, kila fundi anajua, kwa hiyo aliilaza kwenye rula ya mbao akailinganisha. Ilikuwa sawa. Akapima tena.

"Simama wima, mama."

"Nimesimama wima."

"Shusha mabega."

"Yako chini."

Mama Futi aliyawekea viganja vyake akayasukuma taratibu. Yalishuka, na alipotoa mikono yakapanda yenyewe. Alipima mara ya tatu. Mtu akikonda hukonda kote, nyuma na mbele. Huyu mgongo ulikuwa umetanda na kifua kimeingia ndani, kama mtu anayebeba kitu mikononi asichotaka kionekane. Vipimo kama hivyo alikuwa ameviandika mara mbili tu maishani. Mmoja alikuwa mjane wa wiki tatu. Mwingine alikuwa yeye mwenyewe, mwaka ule aliofiwa na mume, alipojishonea gauni jeusi.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa la kifundi. Hakuuliza. Alifunga daftari, akatabasamu, akasema blauzi itakuwa tayari Ijumaa. Na alipofika mezani na mkasi akakata kwa vipimo vya zamani, vya mwaka juzi, vya mtoto aliyekuwa akisimama wazi kama mlango. Alijiambia mwili utarudi. Alijiambia nguo nzuri humfunza mtu kusimama.

Fundi Suruali alichungulia. "Hiyo si namba uliyoandika leo."

"Naijua kazi yangu."

"Sijasema hujui."

Ijumaa asubuhi, wateja wakiwa hawajaanza kuja, Chiriku alivaa blauzi. Mgongoni ilikaza mpaka mshono ukalia. Mbele ilifanya mfuko mtupu, kola ikasimama mbali na shingo. Akijaribu kuinua mikono haikupanda. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Mama, hii umemshonea nani?"

"Nimekushonea wewe. Ukijinyoosha itakaa."

"Nimejinyoosha."

"Jinyooshe tena kidogo."

"Siwezi." Sauti ilikuwa ndogo. "Umemshonea mtu mwingine. Yule unayemtaka. Mimi nimesimama hapa."

Akaanza kulia, bila kelele, blauzi ikimbana, na mama akatambua kwamba mtoto hata kulia hawezi ndani ya ile nguo. Fundi Suruali aliinuka, akasema anakwenda kutafuta uzi mweusi, ingawa meza yake ilikuwa imejaa uzi mweusi. Akafunga mlango nyuma yake.

Mama Futi alichukua kiwembe cha kufumulia akakata mshono wa mgongo, kuanzia kolani hadi chini, pole pole asiiguse ngozi. Blauzi ilifunguka. Chiriku akavuta pumzi. Mama akamfunika kanga yake, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, naye akakaa chini sakafuni miguuni pake, juu ya vipande vya kitambaa.

"Siku ile mezani," alisema, "ulisema moyo unakwenda mbio ukianza kukaribia. Nikakukata. Kukaribia wapi?"

Chiriku alifuta pua. "Unakumbuka?"

"Nimekumbuka sasa hivi. Kukaribia wapi, mwanangu?"

"Lile jengo. Nikiona tu ile kona."

"Kwa hiyo presha uliyosema…"

"Si ya damu, mama. Presha tu. Presha ya…" Alishika kifua, akatafuta neno, hakulipata. "Ya humu."

Neno lilikuwa moja, na kila siku Mama Futi mwenyewe alilitumia kwa yote mawili. Mteja akimharakisha, alisema usinipe presha. Lilipotoka kinywani mwa mwanawe alisikia beseni tu.

Chiriku akaeleza. Wateja sabini, themanini kwa siku, na wengi wanapiga wakiwa wameshakasirika. Wanamtukana yeye kwa makosa asiyoyajua. Msimamizi anasikiliza nyuma yao na kusema tabasamu lisikike kwenye sauti. Hakukuwa na siku moja mbaya ambayo angesema ndiyo ilianza. Mwanzoni akifika nyumbani yalikuwa yanamtoka. Kisha yakaanza kubaki. Usingizi unakatika saa kumi alfajiri, analala macho wazi anasubiri. Taya linauma kwa sababu anauma meno usiku. Chakula kinakwama. Na simu yoyote ikilia, hata ya mama, mwili unaruka kabla yeye hajajua ni nani.

"Nilidhani unaringa," Mama Futi alisema.

"Najua. Nilikuwa nasikia unavyokata simu kwa hasira."

"Simu unaisikiaje hasira?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Wakacheka kidogo wote wawili, na kicheko hicho kikampa mtoto nguvu ya kusema lililobaki. Alilisema akitazama sakafu. Kuna siku anatamani alale asiamke. Si kufa, alisema haraka, kulala tu, kulala sana.

Kila kitu ndani ya Mama Futi kilitaka kupiga kelele. Kilitaka kusema usiseme hivyo, kilitaka kusema huna, huna. Alishika kifundo cha mguu wa bintiye, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akangoja mpaka sauti yake ikarudi mahali pake.

"Umefikiria kujidhuru?"

"Hapana. Naogopa tu nisije nikafikiria."

"Kesho tunakwenda. Hatuendi kwa mashine."

Sista ndiye aliyewaelekeza kituo cha afya chenye mshauri. Alijilaumu naye. "Namba ya mapigo niliiona nikaipita," alisema. "Nimezeeka."

"Wewe ulisema," Mama Futi alimjibu. "Mimi ndiye sikusikia."

Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, kwenye chumba chenye viti vitatu na dirisha linalotazama kamba za nguo. Alimwuliza Chiriku maswali: usingizi, chakula, moyo, hamu ya kuona watu, yale mawazo ya kulala. Mama Futi hakungoja zamu yake. Alifungua daftari mezani.

"Mgongo umeongezeka, kifua kimepungua," alisema. "Kiuno inchi mbili. Mabega hayashuki. Na futi yangu si mbovu, nimeilinganisha."

Mshauri hakucheka. Alilivuta daftari karibu akalisoma kama anavyosoma cheti. "Hii miaka yote umemwandika hivi?"

"Ni fundi," Chiriku alisema. "Anatupima kama mapazia."

Mshauri akaeleza kwa maneno ya kawaida. Ubongo ukidhani kuna hatari, mwili unajiandaa: moyo unaongeza mwendo, mabega yanapanda, tumbo linafunga, damu inaacha vidole. Hatari ikipita, mwili unashuka. Kwa Chiriku hatari ilikuwa inalia kila dakika sita, na mwili haukupata nafasi ya kushuka.

"Hakuna kipimo?" Mama Futi aliuliza. "Cha kuingiza mkono, kikaandika namba, tukajua?"

"Wapo wataalamu wanaopiga picha za ubongo, wanapima usingizi, mapigo, mpaka vilivyomo kwenye damu na mate, wanatafuta alama. Wanaziona. Lakini alama si jibu. Moyo wa anayeogopa na wa anayependa hupiga karibu sawa. Ukitaka kujua ni upi, inabidi umwulize mwenye moyo."

"Kwa hiyo ile mashine ya Sista ilidanganya."

"Haikudanganya. Iliulizwa swali lingine."

Kisha mshauri akamwomba atoke, azungumze na Chiriku peke yake. Katika mambo yote ya mwaka ule, lile lilikuwa gumu kuliko yote. Mama Futi alikaa nje kwenye benchi dakika hamsini. Alisikia sauti ya mwanawe ukutani bila maneno, ikipanda, ikikatika, ikianza tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema, na hawaongezi kwamba kuna uchungu mwingine mwana huupeleka kwa mtu baki, na mzazi anangoja mlangoni. Alikunja pindo la kanga, akalikunjua, akalikunja. Ukuta wa mbele ulikuwa na tangazo kuhusu kunawa mikono. Alilisoma mpaka akalijua kwa moyo.

Mambo hayakupona kwa siku moja, wala kwa mwezi. Mshauri aliandika barua, Chiriku akapewa wiki mbili za mapumziko, na aliporudi wakamhamishia meza ya kujibu barua. Wanaoandika nao hutukana, alimwambia mama yake, lakini matusi ya kuandikwa yana mkato na nukta, unaweza kuyaweka chini ukanywa maji. Kila wiki walikwenda kwa mshauri. Kuna asubuhi alikula mayai mawili akaomba la tatu. Kuna asubuhi hakutoka kitandani, na mama yake alisimama mlangoni na kikombe cha chai, hana la kusema.

Kutosema ndiko alikokuwa anajifunza, na hakuna cherehani iliyowahi kumsumbua hivyo. Alikuwa na maneno ya kutuliza miaka yote, yamepangwa kama vifungo kwenye mkebe, na sasa kila alilolishika aliona litaziba kitu.

Mara ya saba kutoka kwa mshauri, mvua iliwakamata. Walikaa kwenye benchi chini ya bati la kituo cha basi, miguu wameivuta ndani. Watu walipita wakikimbia na mifuko kichwani. Mama Futi alimtazama bintiye kwa jicho la pembeni, akatazama mvua, akamtazama tena.

"Uliza tu," Chiriku alisema.

"Mimi? Sina swali."

"Mama, wewe hata ukinyamaza unauliza. Mpaka yule mama wa kule mwisho amesikia."

Mwanamke aliyekuwa mwisho wa benchi aligeuza uso akacheka kwenye mtandio.

"Haya," Mama Futi alisema. "Leo ukoje?"

Chiriku alifikiri. Zamani angejibu kabla swali halijaisha. "Si vizuri sana. Jana ilikuwa afadhali. Leo nimeamka na lile jiwe tena, hapa, na hakuna aliyenifanya kitu. Hilo ndilo linanikera. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningefurahi."

Maneno yalimjaa Mama Futi mdomoni. Kwamba litapita. Kwamba amenenepa kidogo. Kwamba Mungu yupo na kesho ni siku. Yote yalikuwa kweli, na aliyameza moja moja kama mtu anayemeza vidonge bila maji.

"Nieleze hilo jiwe," alisema.

"Nieleze jiwe?"

"Ndiyo. Kubwa kiasi gani? Linakaa tu au linatembea?"

Chiriku akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akajisogeza kwenye benchi, akakunja mguu mmoja chini yake, akaanza kueleza. Mvua ilipungua, ikaacha, watu wakatoka kwenye vibanda wakaendelea na safari zao, yule mama wa mwisho akaaga akaondoka. Mama Futi alikuwa na nguo tatu za kukabidhi kabla ya saa tisa. Hakunyanyuka. Mtoto alikuwa hajamaliza.